Mazoezi ya Kiingereza kwa wanafunzi wa sekondari Unguja na Pemba: sarufi na ufahamu vifanywe pamoja

Maalim wa Konde

Assalaam alaykum nyote. Uzi huu ni wa walimu, wazazi na wanafunzi wa kidato cha kwanza mpaka cha nne. Makosa ya Kiingereza yaliyojaa kwenye madaftari ya watoto wetu, tokea Micheweni mpaka Makunduchi, hayaji ovyo ovyo. Yanajirudia yale yale, na mengi yana asili moja: mtoto anaijua barabara sarufi ya Kiswahili, basi anaichukua hiyo hiyo na kuitia maneno ya Kiingereza. Kumpa kurasa na kurasa za kujaza nafasi hakumfikishi mbali kama hajaoneshwa wapi hizi lugha mbili zinaachana.

Naanza na -me-, maana hiyo ndiyo inayokula maksi nyingi kuliko zote. Sisi tunasema "nimemwona jana" na hapana anayeshangaa. Mtoto anaandika "I have seen him yesterday", na hapo amekosa. Kiingereza kikishatajiwa wakati uliokwisha, kama yesterday, last week, in 2019, two days ago, kitenzi kinarudi kwenye wakati uliopita wa kawaida: "I saw him yesterday." Have na has vinakaa pale wakati haukutajwa, au umetajwa na bado haujafungika: "I have seen him", "I have seen him this week."

Zoezi lake: mwalimu aandike sentensi kumi za -me- kwa Kiswahili, tano zina neno la wakati uliokwisha, tano hazina. Mwanafunzi asikimbilie kutafsiri. Kwanza apige mstari chini ya neno la wakati, kama lipo. Pili aseme ni saw au have seen. Mwisho ndipo aandike. Akiruka hatua ya mwanzo, zoezi zima linageuka la kubahatisha.

Ndani ya -me- hiyo hiyo mna kundi la pili ambalo halifundishwi ipasavyo: amevaa, amekaa, amesimama, amelala, amechoka, amekufa. Hapa -me- inaeleza hali ambayo mtu yumo sasa hivi. Kiingereza kinasema "she is wearing", "he is sitting", "he is standing", "she is asleep", "she is tired", "it is dead". Ndiyo maana kwenye kueleza picha mnakuta "She has worn a black buibui." Mfundisheni ajiulize: je, naweza kuongeza "na sasa hivi yumo katika hali hiyo"? Kama naweza, nianze na is au are.

Ukhti wa Mwera

Wa alaykum salaam Maalim. Naongeza -nge-, kwa sababu inaharibu insha nyingi za kidato cha tatu na cha nne.

Sisi tunaitia -nge- pande zote mbili: "Ningekuwa na pesa, ningenunua baskeli." Mtoto naye anaitia would pande zote mbili: "If I would have money, I would buy a bicycle." Kiingereza kinataka would iwe upande mmoja tu, ule wa matokeo. Upande wa if unachukua wakati uliopita: "If I had money, I would buy a bicycle." Na kwa jambo lililokwisha kupita na haliwezi kurekebishika: "If I had known, I would have come", yaani ningalijua ningalikuja. Tahadhari hapa: siku hizi wengi tunatumia -nge- hata pale pa -ngali-, kwa hiyo mwanafunzi asitazame kiambishi, atazame maana. Je, jambo bado linawezekana kubadilika, au muda wake umeshapita?

Ya pili ni "nitakapofika". Kiswahili kinaweka alama ya wakati ujao ndani ya neno lenyewe, -taka-, basi mtoto anaandika "When I will arrive in Wete, I will call you." Baada ya when, before, after, until na as soon as, Kiingereza kinatumia wakati uliopo hata kama jambo ni la kesho: "When I arrive in Wete, I will call you."

Ya tatu ni "ingawa ... lakini". Kwetu ni sawa kabisa. Kwao although na but havikai ndani ya sentensi moja kwa kazi hiyo, chagua mojawapo. "Although it rained, we went" au "It rained, but we went."

Nimeona faida kubwa kuyafundisha haya kwa jozi: sentensi ya Kiswahili juu, ya Kiingereza chini, na mstari mwekundu unaounganisha alama ya wakati ya juu na ya chini. Pale ambapo mstari hauna pa kuangukia, kama -taka- ya "nitakapofika", mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba kitu hicho Kiingereza hakikihitaji.

Kidato cha Tatu, Chake

Shikamooni walimu wangu. Mimi mazoezi ya tensi nayapata, tabu yangu ni ufahamu. Nikisoma kifungu nakwama kila mstari kwa maneno nisiyoyajua, nikifungua kamusi muda unakwisha. Nifanyeje?

Mkutubi wa Mjini

Marahaba mwanangu. Kuna mambo mawili hapo na yasichanganywe: kusoma kwa kujifunza na kusoma kwa mtihani.

Katika kujifunza, chagua maandishi yanayokufaa. Hesabu maneno 100 ya ukurasa, kisha hesabu mangapi huyajui. Wataalamu wa usomaji, Paul Nation akiwa mmoja wao, wanaeleza kuwa ili mtu asome kwa raha bila ya msaada anatakiwa awe anajua kiasi cha maneno 98 katika kila 100. Maana yake yasiyojulikana yawe mawili hivi. Yakiwa matano bado unaweza kufanya kazi ukiwa na mwalimu au kamusi pembeni. Yakifika kumi, weka hicho kitabu na uchukue chepesi zaidi, hata kama ni cha darasa la chini. Hapana aibu ndani yake. Mtu anayesoma kurasa ishirini nyepesi anakutana na maneno yale yale mara nyingi na yanamkaa. Anayepambana na ukurasa mmoja mgumu anatoka na orodha ya maneno ambayo kesho hayakumbuki.

Njia nyengine ya kurahisisha ni kuanza na jambo unalolijua. Soma kwanza habari kwenye Zanzibar Leo kwa Kiswahili, kisha tafuta habari ya jambo hilo hilo kwenye gazeti la Kiingereza kama Daily News. Ukishajua nani kafanya nini na wapi, neno geni linajieleza lenyewe.

Kamusi usiifungue kila mara. Neno geni liwekee alama ya penseli na uendelee mpaka mwisho wa aya. Ukirudi, jiulize matatu: ni jina la kitu, ni tendo, au ni sifa? Je, lina kipande ninachokijua ndani yake, kama un-, -less, -able? Je, sentensi ya jirani inasema kinyume chake au inalifafanua? Ukishindwa kwa yote matatu, na neno hilo limetokea zaidi ya mara moja, hapo ndipo kamusi inapofaa.

Maalim wa Konde

Ahsante Mkutubi. Mwanangu wa Chake, kuna sababu nyengine ya kukwama ambayo si msamiati, na wengi hawaijui: ngeli.

Kiswahili kinakubeba unaposoma. Ukikuta "kilivunjika" unajua ni kiti au kikombe. Ukikuta "ulivunjika" unajua ni mti au mkono. "Zilikaushwa" haiwezi kuwa watu. Kiingereza kimetupa yote hayo ndani ya it na they. "They" inaweza kuwa wakulima, inaweza kuwa karafuu, inaweza kuwa majamvi ya kuanikia. Mtoto aliyezoea kubebwa na ngeli anasoma it na they kama vile hazina uzito, na hapo kifungu kinampotea hata kama kila neno analijua. Basi zoezi langu la kwanza kabisa la ufahamu ni mishale: kila it, they, them, this, these, which, who, one apige mduara na avute mshale mpaka kwenye kitu kinachotajwa.

Naweka kifungu cha mfano, maneno 103. Kinakilini kwenye karatasi, msome, mjibu kabla ya kutazama majibu.

"Commercial seaweed farming began on the east coast of Unguja in 1989. Most of the farmers are women. They tie small pieces of seaweed to ropes stretched between wooden pegs, and they work only when the tide is low. After about six weeks the plants are ready. They are then dried in the sun and sold. There are two common kinds. Cottonii fetches a higher price, but it dies easily when the water becomes too warm. Spinosum is hardier. However, it earns the farmer less. Unless the sea cools, many women will have to move to deeper water, where they will need boats."

Maswali:
1. When did commercial seaweed farming begin?
2. What does "They" refer to in "They are then dried in the sun"?
3. What does "it" refer to in "it earns the farmer less"?
4. All seaweed farmers are women. True or false? Give a reason.
5. Can a farmer work at any hour she likes? Explain.
6. Which kind is cheaper?
7. Find a word which means "stronger, not easily killed".
8. Does the writer say that the sea will cool?

Jirani wa Bububu

Maalim, kwa ruhusa yako. Mimi nawaambia vijana wasome maswali kwanza, kisha ndio waende kwenye kifungu wakijua wanatafuta nini. Muda wa mtihani ni mdogo, kusoma kifungu chote mara mbili ni anasa.

Maalim wa Konde

Sheikh wangu, njia hiyo inafaa kwa maswali ya who, when na where peke yake. Swali la 1 utalipata kwa kutafuta tarakimu. Lakini mtungaji wa mtihani hubadilisha maneno kwa makusudi. Swali la 6 linauliza "cheaper", na neno hilo kifunguni halimo kabisa. Kuna "fetches a higher price" upande wa Cottonii na "earns the farmer less" upande wa Spinosum. Mwenye kuwinda neno atazunguka na kurudi mkono mtupu. Swali la 8 ndio baya zaidi: atakuta "the sea cools", atafurahi, ataandika ndiyo.

Ninayoisimamia ni hii. Soma kifungu mara moja bila kusimama, dakika mbili au tatu zinatosha kwa kifungu cha kawaida, na mwisho wake useme kwa sentensi moja ya Kiswahili kinahusu nini. Kisha soma maswali yote. Kisha rudi na penseli. Usomaji wa mwanzo hautafuti majibu, unajua tu kila jambo limekaa aya gani, na ndio unaookoa muda.

Jirani wa Bububu

Nimekubali kwa maswali ya maana. Kwa mwanafunzi mzito wa kusoma bado ningemwambia apitie kwanza yale ya when na where, achukue maksi za hakika.

Maalim wa Konde

Kwa huyo sawa, mradi asiishie hapo.

Ukhti wa Mwera

Naleta majibu, na makosa ambayo wanafunzi huyaleta kwa kila swali.

Swali la 1: "It began in 1989." Kosa la kawaida ni "It did begin in 1989" au "It beginned". Hapa sarufi na ufahamu vinakutana uso kwa uso. Did iliyo kwenye swali imebeba wakati uliopita. Swali likigeuka jibu, did inaondoka na wakati unarudi kwenye kitenzi: did begin inakuwa began, did leave inakuwa left, does he go inakuwa he goes. Mwanafunzi anaweza kukijua kifungu chote na bado apoteze maksi kwa hili. Mfanyieni zoezi la dakika tano kila siku: maswali sita ya did na does, ayageuze kuwa sentensi za jibu, basi.

Na kinyume chake: ukikanusha, wakati unakaa kwenye did peke yake. "Did not went" ni alama ya wakati mara mbili. Kiswahili hakifanyi hivyo, tunasema "sikuenda", ku moja tu, hatusemi "sikulienda". Mwambieni hivyo na ataelewa papo hapo.

Swali la 2: the plants. Wengi huandika the farmers kwa sababu they mbili za juu yake ni wakulima. Ngeli ingalitusaidia hapa, kama alivyosema Maalim. Jaribio: rudisha jina mahali pa they. "The farmers are then dried in the sun and sold" haina maana, basi ni mimea.

Swali la 3: Spinosum.

Swali la 4: False, kwa sababu kifungu kimesema most. Maneno all, most, some, only, never, always ndiyo mitego ya kweli na uongo. Yapigwe mduara kabla ya kujibu.

Swali la 5: "No, she cannot. She works only when the tide is low." Mtoto wa pwani anayajua maji kupwa na kujaa kuliko mtu yeyote, lakini jibu litoke kifunguni. Akiandika habari za bamvua ambazo kifungu hakikuzitaja, msahihishaji hawezi kumpa maksi.

Swali la 6: Spinosum. Anayejibu Cottonii amesoma "higher price" akasahau swali limegeuzwa.

Swali la 7: hardier. Dalili yake ni kwamba imewekwa kinyume na "dies easily".

Swali la 8: Hapana. Unless maana yake ni kama haitakuwa: kama bahari haitapoa, wanawake watalazimika kuhamia maji ya kina. Mwandishi hakusema itapoa. Na kwa kuwa unless imeshabeba ukanusho ndani yake, usiandike "unless the sea does not cool" ukikusudia maana hii.

Mkutubi wa Mjini

Unless ina wenzake: however, therefore, although, despite, instead of, hardly, whereas. Ningependa kila mwanafunzi awe na ukurasa wa mwisho wa daftari uliogawiwa sehemu tatu: vinavyogeuza mwelekeo, vinavyoleta sababu au matokeo, vinavyoongeza. Kila anapokutana nacho kwenye kifungu anakiandika pamoja na sentensi yake nzima. Orodha tupu bila sentensi haimfai, kwa sababu despite na although maana zao zinakaribiana lakini matumizi hayafanani: "despite the rain", "although it rained". Baada ya despite linakuja jina au kitenzi chenye -ing, baada ya although inakuja sentensi yenye kitenzi chake.

Baba wa Mkoani

Assalaam alaykum. Mimi mzazi, Kiingereza changu kidogo. Nyumbani baina ya laasiri na magharibi watoto wakisharudi chuoni (madrasa) nina muda wa kukaa nao. Naweza kuwasaidia vipi nisije nikawafundisha makosa?

Mkutubi wa Mjini

Wa alaykum salaam. Unaweza sana, na si lazima ujue Kiingereza kingi.

Kwanza muulize habari kwa Kiswahili. Asome aya kimya, afunge kitabu, akuhadithie kwa Kiswahili nini kimetokea na kwa nini. Akisita, hajaelewa, na wewe utamjua kwa kusita kwake. Mwambie afungue, asome tena sehemu ile tu.

Pili, imla. Kama yupo kaka au dada wa kidato cha juu, amsomee sentensi tano za kifungu alichokwisha kukisoma, kila sentensi mara tatu: mara ya kwanza asikilize, ya pili aandike, ya tatu asahihishe. Kisha wewe mwenyewe linganisha daftari na kitabu, herufi kwa herufi. Imla inafichua kitu ambacho zoezi la kuchagua herufi A mpaka D halikifichui: -s na -ed za mwisho. Mtoto asiyeisikia -ed ya "worked" hataiandika, kwa sababu hapo inatamkwa kama t, na Kiswahili hakina neno la asili linalofunga kwa sauti kama hiyo. Aisikie tofauti tatu: worked kama t, dried kama d, wanted kama id.

Tatu, muda. Weka saa, dakika moja, asome kimya, muweke alama alipofika, mhesabu maneno. Mfanye mara moja kwa wiki kwa kitabu cha ngazi ile ile. Ila kasi isihesabiwe kama hakuweza kusema alichokisoma.

Dakika 40 kwa siku zinatosha: 20 za kusoma, 10 za kujibu, 10 za kusahihisha. Za kusahihisha ndizo zinazorukwa majumbani, nazo ndizo zenye faida.

Kidato cha Tatu, Chake

Nauliza tena kuhusu prepositions. Kwa nini mwalimu ananikata kwenye "explain me" na "discuss about"?

Maalim wa Konde

Kwa sababu "nieleze" ina mtendewa ndani ya kitenzi, na Kiingereza hakina nafasi hiyo kwa explain. Sema "explain it to me". Na "kujadili kuhusu" inakuvuta uandike about, ilhali discuss haitaki kitu katikati: "We discussed the problem." Enter nayo vivyo hivyo: "enter the room". Reach pia: "reach home", si "reach at home".

Lakini adui mkubwa ni neno "kwa". Tazama: kwa boti ni by boat. Kwa miguu ni on foot. Kwa kisu ni with a knife. Kwa wiki mbili ni for two weeks. Kwa Kiingereza ni in English. Kwetu neno ni moja, kwao matano, basi usikariri kwamba kwa ni fulani. Kariri kirai kizima kama kilivyo. Neno "na" nalo linasumbua hivyo hivyo: "tofauti na" ni different from, "ameolewa na" ni married to. Katika kauli ya kutendwa Kiswahili kinatusaidia vizuri: "Mlango ulifunguliwa na Asha kwa ufunguo." Na ya mtendaji ni by, kwa ya kifaa ni with: "The door was opened by Asha with a key."

Kuhusu since: "naishi hapa tangu 2015" usiandike "I live here since 2015". Jambo lilianza nyuma na bado linaendelea, kwa hiyo "I have lived here since 2015."

Na kabla sijasahau, saa. Saa mbili asubuhi ni eight o'clock. Hili linajulikana, lakini kwenye insha za ratiba ya siku bado mtu anaandika kwamba anakwenda skuli "at one o'clock in the morning". Tena "usiku wa Ijumaa" kwetu ni usiku wa kuamkia Ijumaa; Friday night ya Kiingereza ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa. Kwenye swali la kupanga matukio kwa mfuatano, kosa hili linavuruga mpangilio wote.

Ukhti wa Mwera

Nami niitie nguvu hoja ya Maalim kwamba Kiswahili kinaweza kuwa msaada, tusikifanye mkosaji tu. Upatanisho wa kiima na kitenzi ni mfano mzuri. Watoto wanaandika "The price of cloves have risen" kwa sababu cloves iko karibu na kitenzi. Muulizeni: kwa Kiswahili utasema "bei ya karafuu zimepanda"? Hasemi. Anajua kwamba kitenzi kinafuata bei. Basi na Kiingereza ni hivyo: the price ... has risen. Mfano mwengine: "A basket of cloves is heavy", kikapu ndicho kizito. Apige mstari chini ya jina kuu, afunike kwa kidole maneno ya of mpaka kitenzi, kisha achague has au have.

Ila kwenye vishazi vya -o- rejeshi Kiswahili kinapotosha. "Kitabu nilichokinunua" kina -ki- ya mtendewa, basi inatoka "The book which I bought it". Which imeshakuwa kitabu. It ifutwe: "The book which I bought". Vivyo hivyo "the man whom I saw", bila him.

Jirani wa Bububu

Na ufupisho? Naona kambi za kabla ya mtihani wa kidato cha pili wa Baraza la Mitihani la Zanzibar na ule wa NECTA wa kidato cha nne huugusa juu juu.

Mkutubi wa Mjini

Tutumie kifungu kile kile cha mwani, tuseme kimeulizwa kwa maneno yasiyozidi 40.

Hatua ya kwanza ni kufuta. Mifano, marudio, maelezo ya ziada yanaondoka: "small pieces", "wooden pegs", "There are two common kinds". Hatua ya pili ni kuandika hoja zilizobaki kwa maneno mawili matatu tu pembeni: mwanzo 1989; wanawake; kamba, maji kupwa; wiki sita, kukausha; aina mbili, bei na joto. Hatua ya tatu ni kufunika kifungu na kuandika kutoka kwenye vidokezo hivyo. Kufunika huku kusiachwe. Asiyefunika hunakili sentensi nzima nzima, na maneno yanamwishia kabla hajafika katikati.

Mfano: "Seaweed has been farmed commercially in Unguja since 1989, mostly by women, who tie it to ropes at low tide and dry it after six weeks. Cottonii pays better but dies in warm water. Spinosum survives but earns less."

Ni maneno 39. Tazama sarufi iliyofanya kazi humo: "began in 1989" imekuwa "has been farmed since 1989", sentensi mbili zimeungwa kwa who, na "fetches a higher price" imekuwa "pays better". Anayefanya mazoezi ya who, which na kauli ya kutendwa kila siku ana zana za kufupisha. Asiyeyafanya hawezi kubana sentensi hata akielewa kifungu chote. Idadi ya maneno iandikwe mwisho, na ihesabiwe kweli.

Baba wa Mkoani

Shukran. Na makosa yakishasahihishwa, arudie zoezi zima?

Ukhti wa Mwera

Hapana baba, asirudie zima. Awe na daftari dogo la makosa, kila ukurasa kosa moja: ukurasa wa -me-, wa did, wa kwa, wa it na they. Kila kosa linalotoka kwenye ufahamu au insha liingie ukurasa wake kwa mistari mitatu: sentensi iliyokosewa, sentensi sahihi, na sababu kwa Kiswahili. Kisha atunge sentensi mbili mpya za aina hiyo, asinakili ile ile. Baada ya wiki afunike mistari ya sahihi na ajaribu kuzirekebisha zile zilizokosewa. Ukurasa unaojaa haraka ndio unaotakiwa kufanyiwa kazi wiki hiyo, usiojaa uachwe.

Mwalimu naye asisahihishe kila kitu kwa wino mwekundu. Achague aina mbili za makosa kwa insha moja, aweke alama pembeni ya mstari bila kuandika jibu, mwanafunzi alitafute mwenyewe.

Kidato cha Tatu, Chake

La mwisho walimu wangu. Kwenye zoezi la mazungumzo niliulizwa "Didn't you go to school?" nikajibu "Yes" nikiwa sikwenda, na nikakosa. Kwa Kiswahili "Hukwenda skuli?" "Ndiyo, sikwenda" ni sawa.

Maalim wa Konde

Kwetu ndiyo inakubali kauli ya muulizaji. Kwao yes na no zinafuata ukweli wa tendo tu, vyovyote swali lilivyoulizwa. Ulikwenda: "Yes, I did." Hukwenda: "No, I didn't." Yes haikai pamoja na not katika jibu hilo. Swali la mkia nalo linaangalia kitenzi cha mbele, halina "isn't it" moja ya kila mahali kama "siyo?" yetu: "She sells fish, doesn't she?", "They haven't arrived, have they?" Mbele kukiwa na ukubali, mkia unakanusha, mbele kukikanusha, mkia unakubali. Andika kumi usiku huu, tano za kila upande, na uyaweke hapa kesho tuyatazame.